Maswali Kumi na Moja

Elisifa alipotoka kwenye chumba cha kompyuta pale Kiboriloni, waombaji kazi wenzake wote walikuwa bado wameinamia skrini. Mashine ilimuuliza maswali kumi na moja, ikaandika "Asante, umemaliza," basi. Brenda, binti mwenye digrii aliyekaa kiti cha jirani, aliulizwa arobaini na matatu. Elisifa akaona wazi kwamba ametupwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupokea maziwa kwenye kituo cha ushirika wa wafugaji, huko kwao Mwika, na aliitaka kuliko kitu chochote. Mara tatu kiwanda kilikuwa kimekataa tangi zima kwa sababu ya wajanja wachache wanaoongeza maji, na mara zote tatu maziwa yake mazuri yalimwagwa pamoja na ya hao wezi. Iliuma, jamani! Safari hii ushirika ulikataa vimemo vya wajomba. Kompyuta ndiyo ingewapima watu tabia, ione nani ataiweza kazi.

Nyumbani, Yoramu, kaka wa mumewe, alicheka mpaka pombe yake ya mbege ikampalia.

"Kumi na moja tu? Mama Jesse, hata mashine imekuchoka!"

Siku ya nne Magreth, meneja wa ushirika, akamwita ofisini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema tu mwanangu, nimeshajua nimekosa."

"Umekosa nini? Ile mashine haina orodha moja ya maswali. Kila ukijibu, inachagua swali linalofuata kutokana na jibu lako, na ikishakujua inaacha. Brenda alikuwa anabahatisha tunachotaka kusikia, mara hivi, mara vile, ndiyo maana ikamzungusha. Wewe ilikujua mapema."

Elisifa akacheka kwa sauti, mkono kifuani.

"Ila bodi ina wasiwasi," Magreth akaendelea. "Umejibu kwamba ukiombwa msamaha unasamehe kabisa. Tena umejibu kwamba hulegezi sheria hata kwa ndugu. Wazee wanasema hayo mawili hayakai kwa mtu mmoja. Mashine inasema yanakaa. Tumekubaliana tukujaribu wiki moja."

Jumatatu asubuhi, nani alikuwa wa kwanza kwenye foleni? Yoramu, na dumu lake, anatabasamu kama mwenye kituo. Elisifa akamimina maziwa kidogo kwenye chombo, akatumbukiza kipimo, kile kijiti cha kioo ambacho ndani ya maziwa mazuri huelea kwenye alama ya thelathini hivi. Kikazama mpaka ishirini na mbili.

"Shemeji, haya yana maji. Rudi nayo."

Yoramu aliwaka. Alimwambia mbele ya watu wote kwamba alikuja kwao na kanga moja, na leo anamvua nguo mwenye boma. Elisifa aliumia sana, lakini akaita, "Anayefuata!"

Jumanne Yoramu akarudi. Mkono mmoja dumu, mkono wa pili jani la isale limefungwa fundo. Foleni nzima ikageuka kutazama. Kwa Wachagga isale haikataliwi. Aliyekukosea akikuletea, unasamehe na mambo yanaishia hapo. Hata mzee Isack, mwenyekiti wa bodi, ambaye alijifanya anapita tu, akasimama.

"Mama Jesse, nilikutukana. Nimekosa."

Elisifa akalipokea jani kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Alikuwa anamaanisha.

"Nimekusamehe, shemeji. Yameisha kabisa."

Yoramu akashusha pumzi, akafungua dumu na kuliinua kuelekea kwenye tangi. Elisifa akaweka kiganja juu ya mdomo wa dumu.

"Ngoja nipime."

Minong'ono ikapita foleni nzima. Kupima, baada ya isale?

"Isale nimepokea," Elisifa akasema. "Ulinitukana, nimesamehe. Haya ni maziwa."

Akatumbukiza kipimo. Kikazama kidogo, kikapanda, kikatulia. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa Yoramu mwenyewe.

"Thelathini na moja! Mmeona? Thelathini na moja!" Ungedhani ni yeye aliyezaa ndama. Kisha akamgeukia. "Si ungeniamini tu, Mama Jesse?"

"Nimekuamini."

"Sasa mbona umepima?"

"Na kesho nitapima."

Watu wakaangua kicheko, na Yoramu naye akacheka, hana la kufanya. Mzee Isack akavua kofia, akamwambia Magreth, aliyekuwa ametoka ofisini kutazama, kwamba hakuna haja ya kungoja wiki iishe, amwandikie mama huyu barua ya kazi leo hii. Elisifa akachomeka isale kifuani kwenye koti lake jeupe, akainua kichwa kumwita anayefuata.

Mwisho wa foleni, watu wawili walikuwa wameshabeba madumu yao, hata hayajapimwa, na wanarudi nyumbani taratibu.