Kuku Saba na Kopo Jekundu

Neno lenyewe lilisemwa kwenye foleni ya maji, Gatina, na aliyelisema wala hakuwa akimwangalia Nekoye. Alikuwa anakaza kifuniko cha mtungi wake. "Msichana akimaliza nusu mwaka bila kuona siku zake, tumbo linajifunga. Na likishajifunga, basi." Wenzake wakaguna, wakasogeza mitungi, mazungumzo yakahamia bei ya makaa. Lakini Nekoye aliibeba ile kauli pamoja na lita zake ishirini hadi orofa ya tatu, akapika nayo, akala nayo.

Maana Bridgit, binti yake wa miaka kumi na tisa, alikuwa mwezi wa tano bila kuziona. Tena kidevuni alikuwa na nywele tatu nne nyeusi ambazo alizing'oa kila Jumapili kabla ya kanisa, akidhani mamake haoni.

"Usimwambie mtu," Nekoye alimwonya. "Hata auntie yako. Hii tutaimaliza hapa hapa nyumbani."

Ndivyo walivyofika kwa Ambrose. Ambrose ni mtu wa kanisa lao, sauti yake ya besi ndiyo inayoshikilia kwaya nzima. Siku za kazi husimama steji ya Kawangware 56 na spika shingoni: "Homoni zimepanda? Homoni zimeshuka? Dawa ya miti, haina kemikali, inasawazisha!" Kopo lake lina kifuniko chekundu na ndani ni unga wa kahawia. Kijiko kimoja kwenye uji, asubuhi na jioni. Hakuuliza mgonjwa ana miaka mingapi. Hakuuliza chochote.

Nekoye hakuona ubaya. Kwao Kimilili nyanya yake aliwachemshia mizizi tangu wakiwa wadogo, na wote walikua. Jambo moja tu hakulikumbuka: nyanya alikuja na mzizi ukiwa bado na udongo, na majani yake juu, hata mtoto akajua umetoka kwa mti gani. Kwa unga wa Ambrose, mti ulikuwa ni maneno yake tu.

Wiki ya pili Bridgit akaanza kula kama mtu aliyetoka shambani. Mashavu yakajaa. Majirani wakamsimamisha Nekoye kwenye ngazi. "Mama Bridgit, huyu mtoto unampea nini? Si amewiva!" Nekoye akatabasamu hadi magego. Akanunua kopo la pili, tena akamnong'onezea Aluoch, jirani wa chini, ambaye alikuwa akitafuta mtoto mwaka wa tatu sasa. Aluoch naye akanunua.

Wiki ya sita siku za Bridgit zilikuwa bado. Ambrose hakushtuka. "Dada, dawa inafagia kwanza. Ongeza kijiko, viwe viwili."

Akaongeza.

Siku ambayo mambo yaligeuka ilianza kwa kuku. Nekoye anafuga kuku saba kwenye kibanda chini ya ngazi, na mayai yao huyauza kwa wapangaji wa ploti. Asubuhi hiyo alipapasa nyasi zote na mkono ukatoka mtupu. Ilikuwa siku ya kumi na mbili bila yai hata moja. Kuku walikuwa wazito, wamelala ubavu, manyoya yakitoka kwa mafungu. Ila walikuwa wanono, wanono ajabu.

Alipopanda juu alimkuta Bridgit amekaa kwenye ngazi ya pili, ndoo tupu mkononi.

"Mbona umekaa hapo?"

"Mum, miguu inakataa. Nimeshuka, sasa kupanda ndio siwezi."

Nekoye alimwangalia uso. Ulikuwa umevimba mviringo, macho yamezama, na nyuma ya shingo, juu ya kola, palikuwa na nundu ndogo ya nyama ambayo haikuwapo. Alichokiona hakukipa jina bado. Alimshika mkono, akampandisha, kisha akashuka na hasira zake zote hadi kwa kinu cha posho, kwa sababu hasira ya kuku ilikuwa rahisi kuliko ile nyingine.

Shivachi, mwenye kinu, alikuwa mweupe kwa unga hadi kope.

"Shivachi! Ile pumba unaniuzia ina nini?"

"Shem, pole pole. Pumba ni pumba."

"Kuku zangu zimeacha kutaga! Siku kumi na mbili! Na hiyo ya Ijumaa ndio mimi huchukua kila wiki."

Shivachi akapangusa uso kwa kiwiko. "Ya Ijumaa hiyo ni ile tunasafishia mashine. Kuna jamaa husaga dawa Alhamisi jioni. Sasa mimi siwezi sagia watu mahindi na hiyo rangi ya kahawia ndani, si ndio? So asubuhi napitisha pumba kwanza, inabeba mabaki yote. Ndio maana nakuuzia bei ya chini."

"Dawa gani?"

"Ya miti. Ambrose wa steji. Magome debe moja hivi." Akacheka kidogo. "Halafu vidonge. Mfuko mzima wa vidonge, vyeupe na vya manjano, anavifungua kwa karatasi hapo nje. Nikamuuliza, akasema ni vitamini."

Kinu kilikuwa kinanguruma, lakini Nekoye alisikia kila neno. Kuku wanono wasiotaga. Msichana mnono asiyeona siku zake. Wote wamekula kutoka jiwe moja la kusagia.

"Shem? Unaenda wapi?"

Alikuwa ameshaondoka.

Kwenye kituo cha afya yeye na Bridgit walikaa kwenye benchi kutoka saa tatu hadi saa nane. Mashine moja ya vipimo ilikuwa imeharibika tangu mwezi uliopita, karatasi imebandikwa juu yake. Hatimaye wakaitwa na daktari mmoja wa kike, Kaveke, macho mekundu kwa uchovu. Nekoye akaweka kopo mezani, akasema yote: nywele za kidevuni, miezi, uji, kinu, kuku. Bridgit aliinamisha kichwa. Daktari hakucheka hata alipofika kwa kuku. Alipima presha, akaiandika, akaipima tena.

"Mama, umefanya vizuri kuleta kopo. Nitalipeleka likapimwe, lakini uso huu nimeshauona kwa watu wanaokunywa vidonge vya kunenepesha. Bridgit, usiache leo ghafla, unaskia? Mwili umezoea, ukikata mara moja unaweza kuanguka. Nitakupa dawa iliyopimwa, tupunguze kidogo kidogo."

"Na tumbo?" Nekoye alishika ukingo wa meza. "Limejifunga?"

"Nani amekwambia tumbo hujifunga?"

"Wamama. Kwa maji."

"Halijifungi. Hizo nywele na siku kupotea ni kitu tunajua, wasichana wengi wanacho, na kinatibika. Angekuja mwezi wa kwanza tungekuwa mbali sasa."

Bridgit akainua kichwa. "Mimi nilitaka kuja," alisema polepole. "Ni mum alisema nisiambie mtu."

Nekoye aliyabeba hayo maneno nyumbani, na hayo yalikuwa mazito kuliko yale ya foleni.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kugonga kwa Aluoch na kumpeleka kituoni na kopo lake. La pili alilifanya Jumatatu, saa nne asubuhi, steji ya 56 ikiwa imejaa. Alisimama mbele ya meza ya Ambrose, kuku mmoja amembana kwapani.

"Dada Nekoye! Bwana asifiwe. Bridgit anaendeleaje?"

"Kama huyu kuku. Amenona, na hawezi kupanda ngazi." Akageukia wateja, sauti ikapanda. "Wamama, huyu kuku alikula mabaki ya hii dawa kwa kinu. Hajataga tena! Ndani kuna vidonge. Mwenye kinu ameviona na macho yake."

Mkusanya ushuru wa steji, aliyezoea kunywa chai kwa Ambrose, akajisogeza. "We mama, kuku haruhusiwi hapa bila kibali."

"Kibali cha kuku ndio unataka? Cha Ambrose cha kusaga vidonge umekiona?"

Watu wakaangua kicheko. Mtu akapiga mluzi. Aluoch akapasua katikati ya watu, akachukua kopo jipya mezani, akakoroga vijiko viwili ndani ya kikombe cha chai cha Ambrose mwenyewe. "Haina kemikali, si ndio? Kunywa basi, kaka. Tunangoja."

Ambrose alikitazama kikombe. Besi yote ilimwisha. "Mimi... mimi sina shida ya homoni."

"Lakini inasawazisha!" wakapaza sauti wanawake watatu kwa pamoja. Kopo moja likarudishwa mezani, kisha la pili, kisha mkoba mzima. Kabla ya saa sita meza ilikuwa imekunjwa, na mkusanya ushuru alikuwa akisoma simu yake kwa bidii kubwa.

Mwezi uliofuata Ambrose alionekana Laini Saba, Kibera, kando ya reli. Spika ni ile ile. Kifuniko sasa ni cha kijani. Ndiyo sababu haya yameandikwa.

Kuku wa kwanza alitaga baada ya majuma saba, yai dogo kama limau. Uso wa Bridgit ulirudi taratibu; kwanza shingo, halafu macho. Akameza dawa za Kaveke, akahudhuria kila kliniki, akapanda ngazi zake mwenyewe na ndoo imejaa. Na asubuhi moja, ploti nzima ikisikia, akaita kutoka bafu la nje:

"Mum! Niletee pedi!"

Nekoye alishuka ngazi mbilimbili na pedi mkononi, haijafichwa hata kwa gazeti, akipiga vigelegele. Aluoch akamwitikia kutoka chini.

Sasa wewe mwenye binti, epuka haya:

Dawa ya unga ambayo muuzaji hawezi kukuonyesha mti wake.

Mtu anayetibu homoni bila kukuuliza swali.

Kufurahia mashavu yaliyojaa kwa wiki mbili.

Kuongeza kijiko kwa sababu mwenye kuuza amesema.

Kuacha ghafla kitu ulichokunywa wiki nyingi. Mwone daktari kwanza.

Kutupa kopo. Nenda nalo.

Kumwamini mtu na mwili wako kwa sababu mnaimba kwaya moja.

Pumba ya Ijumaa.

Habari za matumbo kwenye foleni ya maji.

Na kumwambia mtoto wako, "Usimwambie mtu."