Pima Sitini

"Shika hii, Papa Sudi," Mbusa akasema, akamwekea mkononi kitu laini chenye ubaridi. "Hii njo nailoni ya kweli. Imefika juzi kutoka Bukavu. Uzi mumoja tu, mweupe sawa na maji. Samaki hawaioni."

"Hata mimi siioni," Sudi akajibu.

Mbusa akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa Mnande wa Butembo, mwenye duka pale mtaa wa Kasuku, na kila asubuhi kabla ya kufungua mlango aliteremka mtoni kununua samaki wa Sudi. Siku hizi alikuwa akipanda kilima mikono mitupu, na maneno ya utani yalikuwa yamemwishia.

Sudi alikaa juu ya jiwe lake, miguu majini. Mwaka wa nne sasa macho yalikuwa yamezimika. Vile vinzi vyeusi vya mtoni, vinavyouma bila kelele, vilimmaliza polepole: kwanza ngozi ikawasha, halafu ukungu, halafu basi. Hakuwa wa kwanza Kindu wala wa mwisho. Alivua bila fimbo, kwa uzi, ndoana na kijiwe cha kuzamisha, na kazi ya macho ilifanywa na kidole cha shahada.

Uzi wake haukutoka dukani. Ulisukwa kwa nyuzi zilizochambuliwa kwenye tairi bovu la lori, na aliyeusuka alikuwa mkewe, Jamila. Uzi wa kusuka hauvutiki. Samaki akigusa chambo kule chini, kidole kinajua saa ile ile. Kinajua kama ni ngolo, yule kambare, anayenyonya au ni jani linapita zake. Ubaya ni kwamba mawe ya Lualaba yanakula uzi. Kila mwaka ule wa zamani ulikwisha, Jamila akasuka mwingine, pima kumi na mbili, kwa sababu kutoka pale jiweni mpaka penye kina ni pima kumi na mbili. Uliokuwapo sasa ulibaki pima tano. Ulikuwa unavua matope.

"Jaribu tu," Mbusa akasema. "Sikuuzishi. Nakupa. Mimi nataka samaki."

Akajaribu. Nailoni ikaruka vizuri, ikaenda mbali, hilo hakuna wa kulikataa. Akangoja. Kitu kikamfikia kidoleni, hafifu, kama sauti ya mtu anayeita nyumba ya tatu. Akavuta. Nailoni ikavutika, ikavutika tena, na ilipochoka kuvutika samaki alikwisha kwenda zake. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu hakujua lolote mpaka alipoitoa na kukuta ndoana imelambwa safi.

"Inanificha mambo," akasema.

"Utaizoea."

"Nitangoja. Mke wangu atasuka mwingine."

Mbusa akamwachia nailoni yake palepale jiweni, akaaga haraka, maana ilikuwa Jumamosi na watu wote wa mtaa walitakiwa kwenye salongo, kufyeka majani ya barabara. Wote isipokuwa Sudi. Yeye walimsamehe, na kusamehewa huko kulimuuma kuliko jembe.

Jamila alikuwa kwao Obokote tangu mvua za mwaka jana. Mama yake aliugua, naye akataka kwenda kumuuguza, ila mguu mmoja ulikuwa mlangoni na mmoja ndani. "Nani atakushika mkono?" akauliza. Na Sudi, kwa kiburi cha mwanamume aliyechoka kuongozwa njiani kama mbuzi wa sadaka, akasema mbele ya majirani: "Nenda. Mimi si mtoto. Hata peke yangu nitaweza." Jamila akakunja vitambaa vyake. Sudi alimsikia akikunja, kimoja kimoja, na angeweza kulimeza lile neno pale pale. Hakulimeza. Wanaume bwana.

Sasa alimtamani mpaka akaona haya. Alitamani zaidi ile siku ya kupima uzi. Tangu giza lilipoanza, Jamila alifunga fundo dogo kila pima moja ili vidole vya mumewe viweze kuhesabu majini. "Panua mikono," angesema, na Sudi angesimama mgongo ukutani, mikono wazi, naye angeuvuta uzi kutoka ncha ya kidole cha kushoto mpaka ncha ya kulia, afunge fundo, arudi. Mara kumi na mbili alipita kifuani pake, akinukia mafuta ya mise ya mchikichi na moshi wa kuni. Kila mara Sudi alimfumbata kabla hajafika upande wa pili. Ndiyo maana kazi ya saa moja iliwachukua mchana kutwa.

Jua lilikuwa utosini alipokuja Barnabé, dereva wa lori la mpunga. Kwenye karatasi za serikali alikuwa na jina lingine, la mababu, tangu majina ya padri, ya ubatizo, yalipokatazwa nchini. Barabarani alibaki Barnabé. Lori lake lilikuwa kwenye foleni ya kivuko, linarudi Lubutu kwa njia ya Obokote.

"Papa Sudi, iko muzigo yako. Muke yako alinipatia, kule Obokote."

Kilikuwa kifurushi cha majani ya mgomba. Sudi akakiweka mapajani asikifungue. "Alisema nini?"

"Alisema nikusalimie."

"Na mama yake anaendeleaje?"

Barnabé akashusha sauti. "Walimuzika, Papa. Iko sasa miezi tano. Hawakukuambia?"

Hawakumwambia. Sudi akasema alichotakiwa kusema, kwamba sote ni wa Mungu na kwake tutarejea, na huku moyo ukifanya hesabu nyingine. Miezi mitano. Basi kilichomweka Obokote si mgonjwa tena.

Akafungua majani. Ulikuwa uzi, na vidole vilimtambua msukaji kabla ya yeye mwenyewe: nyuzi tatu zimebanwa sana, kila fundo limekazwa mara mbili. Furaha ikampanda. Akaanza kuhesabu mafundo. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili, akatafuta ncha. Hapakuwa na ncha. Uzi uliendelea. Ishirini. Thelathini. Barnabé alikuwa akisimulia habari za daraja lililovunjika, na Sudi akihesabu, hesabu sasa zinamtia baridi. Sitini.

Uzi wa miaka mitano.

"Umepumzika, Papa," Barnabé akasema kwa wema. "Miaka mingi hutaomba mutu uzi."

Sudi akaitikia kwa kichwa. Mwanamke anayerudi kabla ya mvua anasuka pima kumi na mbili. Jamila alikuwa amemsukia kila kitu, mpaka miaka ambayo hakukusudia kuwapo. Alikuwa amemtii: peke yako utaweza, haya, weza. Na hakuna aliyeweza kumlaumu, sembuse Sudi mwenyewe.

Akauliza, ilimradi sauti isikae kimya: "Huko alipimia nini?"

"Ukutani. Nyumba ya mama yake iko na alama mbili za makaa, moja huku, moja kule. Alikuwa anavuta uzi katikati yao, anafunga, anarudia. Nikamuuliza, mama, ni nani anasimamaka hapo? Akacheka. Halafu hakucheka tena."

Sudi akasimama. Akapanua mikono, fundo moja kwenye ncha ya kidole cha kushoto, akauvuta uzi mpaka kulia. Fundo la pili likaangukia juu ya ncha ya kidole, pale pale, halikuzidi wala kupungua. Akabaki hivyo kidogo, mikono wazi.

Halafu akakaa, akahesabu mafundo kumi na mawili, akatoa kisu na kukata. Uliobaki akauzungusha, pima arobaini na nane, akaurudisha katika majani na kuufunga kwa kipande cha nailoni ya Mbusa. Kwa kufungia, ilifaa.

"Mrudishie."

"Papa, huo ni muchezo? Muke amesuka miezi."

"Mwambie mto haujapanuka. Pima kumi na mbili zinanitosha."

"Njo hayo tu?"

"Njo hayo."

Kivuko kikapiga honi. Barnabé akachukua kifurushi, akaanza kupanda. Sudi akazisikiliza hatua zake zikipungua, tano, nane, kumi.

"Barnabé."

Hatua zikasimama.

"Mwambie nilisema uongo. Peke yangu sikuweza."

"Nitamuambia," Barnabé akasema, na hatua zikaendelea kupanda.

Sudi akafunga ndoana kwenye uzi mpya, akatupa. Mafundo yakampita kidoleni moja moja mpaka la mwisho, na kijiwe kikagonga chini, penye kina. Upande wa juu injini ya kivuko ikawaka. Uzi ukaanza kutetemeka, kidogo sana. Ule wa Bukavu usingemwambia. Akakifuata kivuko kwa kidole, kikatoka, kikafika katikati, kikaelekea Alunguli, mtetemo unazidi kuwa mwembamba. Kisha injini ikazimwa ng'ambo, na uzi ukatulia.

Hakuuvuta. Alisimama ameubana kwa mkono mmoja, na ule wa pili, pole pole, bila mtu kumwambia, akaunyoosha pembeni, kama siku ya kupima.