Wamboi Aliyenyooshwa

Dada yangu Wamboi alirekodi na kwaya yetu ya Thika mwaka wa 1998, akafa kabla kanda haijatoka. Hatukuwa na sauti yake mahali pengine popote. Msibani Mama hakuuliza mengi. Aliuliza tu kanda itakuwa tayari lini.

Kwa hivyo mwaka uliofuata nilikwenda Kimbo, Ruiru, kwenye studio ya Tobias walikorekodia, pamoja na Zacharia, mwenyekiti wa kwaya. Studio ilikuwa chumba nyuma ya duka la mbolea, kuta zimebandikwa trei za mayai. Tobias alikuwa ameletewa programu mpya ya kompyuta na binamu yake aliyesoma ng'ambo, na aliizungumzia kama mtu aliyetoka kuposa.

"Sikiliza, sister. Utashangaa."

Nilishangaa. Kwenye spika alitoka mwanamke mwenye maneno ya Wamboi. Hata "lango la mbinguni" aliliimba "rango ra mbinguni" kama yeye. Lakini kila noti ilikuwa imesimama wima kama askari wa gwaride.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

Zacharia akatabasamu. "Ni dadako, akiwa amenyooka."

"Dadangu hakuwa amepinda."

"Sauti yake ilikuwa chini ya kinanda, Idah. Hukusikia kwa sababu ni wenu."

Kwetu anayeanzisha wimbo haulizi kinanda. Wamboi alianza pale koo lake lilipoamkia, akashuka polepole mwisho wa mstari, na kwaya ikamfuata, hata wazee wenye masikio mazito. Kisha kanisa likanunua kinanda, na Zacharia, aliyekishonea hadi kitambaa cha kukifunika, akaamua kwamba kinanda hakikosei. Basi ilibidi aliyekosea awe marehemu.

Tobias alinieleza kwa upole, kama daktari. Programu inajua noti zote. Ikikuta sauti iko katikati, inaivuta mpaka mahali pake.

"Yake ilikuwa inateleza, sister. Pale mwisho wa mistari."

"Ilikuwa inashuka."

"Hiyo hiyo. Nimeondoa."

"Na pumzi zake?"

"Hizo pia. Zilikuwa zinasikika sana."

Mtu amekufa, na bado waliona anapumua kupita kiasi.

Nikamwomba ile ya kwanza, kabla ya kunyooshwa. Aliangalia kompyuta yake, kisha akaangalia trei za mayai.

"Kompyuta ilikuwa imejaa. Nilihifadhi hii juu ya ile."

"Juu yake?"

"Si hii ndiyo nzuri?"

Zacharia akaingilia. "Mtu akisikia hii atafikiri imetengenezwa Nairobi."

"Basi andika Nairobi. Jina la Wamboi litoe kwenye jalada."

"Tuandike nani sasa?"

"Andika kinanda."

Tobias akacheka. Zacharia hakucheka, nadhani alikuwa anafikiria.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipouliza kama kuna kipande chochote ambacho programu haikugusa. Tobias akakiri, kwa aibu, kwamba kiitikio kilimshinda. Kiitikio waliimba wote mbele ya maikrofoni moja, Wamboi akiwa katikati yao, na alipojaribu kukinyoosha kikatoa mlio wa mbuzi ndani ya pipa. Akakiacha kilivyo.

"Nirekodie hicho."

"Bila beti? Kiitikio peke yake si wimbo, sister."

"Sikuja kuchukua wimbo."

Alinirekodia, akitikisa kichwa kama fundi anayeombwa mlango bila nyumba.

Nyumbani Mama alitaka kwanza ile iliyonyooshwa, kwa kuwa Zacharia alikuwa ameshaisifu kanisani na kunitangulia kumpa nakala. Alisikiliza mkono ukiwa shavuni mpaka ikaisha.

"Huyu msichana anaimba vizuri," akasema. "Ni wa Nairobi?"

Nikaweka kile kiitikio. Sauti zilikuja zote pamoja, nene, huyu juu huyu chini, na nikatega sikio nisimpate Wamboi. Nilianza kujilaumu kwa kumpa Mama matumaini ya bure. Kisha kwaya ikanyamaza, na sauti moja ikabaki kidogo peke yake, kama mtu aliyesahau kwamba wenzake wameshakaa.

Mama akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Hata huko kwaya hawakumfundisha kumaliza na wengine," akasema. "Rudisha nyuma."