Faini ya Mama, Leseni ya Breki

Sheria ilipotangazwa kwamba faini ya mwendokasi sasa itapigwa hesabu kwa kipato cha dereva, aliyeshangilia kuliko wote pale maegeshoni alikuwa Breki. "Mwenye nyingi alipe nyingi!" alisema, akipiga boneti kwa kiganja. "Zamani tajiri alilipa faini kama ananunua pipi. Na wao sasa wauone moto!" Madereva wenzake wakacheka, wakagongeana mikono. Wee! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Breki alikuwa dereva wa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu asiyejua kutoka mapema. Jina hilo alipewa kwa uangalifu wake barabarani, lakini leseni yake ilishaandikwa makosa mawili ya mwendo, na mara zote mbili bosi alikuwa kiti cha nyuma akisema, "Kanyaga, bwana, nimechelewa." Ukifikisha kosa la tatu, hapo hakuna cha kipato wala nini: leseni inachukuliwa mwaka mzima, uwe tajiri, uwe fukara.

Sasa sikia lililomkuta. Mwezi uliopita, Breki akiwa safarini na bosi, binti yake mdogo alibanwa na pumu mchana kweupe. Familia ya Breki ilikuwa ikikaa chumba cha uani, hapo hapo kwa bosi. Mkewe alitoka mbio na mtoto mikononi, midomo ya mtoto imeshabadilika rangi. Mke wa bosi, ambaye nyumba nzima inamwita Mama, hakuuliza mara mbili. Alichukua ufunguo wa gari lake, akawapakia, akawafikisha hospitali. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangekuwa wanazungumza mengine. Breki aliporudi alimpigia Mama magoti, akalia mbele yake bila aibu.

Wiki hii bosi akamwita sebuleni.

"Kaa, Breki."

Tangu aajiriwe hajawahi kuambiwa akae kwenye kochi lile. Akakaa pembeni kabisa, nusu ya tako ikiwa nje.

"Mama kapigwa faini ya mwendo," bosi akasema. "Ni siku ile ya mtoto wako." Akataja kiasi. Breki alidhani amesikia vibaya, maana kwa pesa ile mtu ananunua gari na anarudishiwa chenji. "Ndiyo hiyo sheria mliyoishangilia. Wamepiga hesabu kwa mapato ya kampuni, kwa kuwa na yeye ana hisa. Lakini kamera imepiga gari kwa nyuma. Haijui nani alishika usukani. Ukisema ni wewe, kwa mshahara wako faini ni bei ya kuku. Na huyo kuku nitamlipia mimi."

"Bosi, leseni yangu..."

"Sikulazimishi." Bosi akaegemea kochi. "Nakukumbusha tu gari lile lilimbeba nani."

Breki aseme nini? Akatae? Mtu kamwokolea mwanawe, naye amlipe fadhila za punda?

Jioni alimweleza mkewe. Mkewe alikuwa akimkanda mtoto mgongo, hakuinua uso.

"Baba watoto, mimi nilikuwamo kwenye gari lile. Mwanangu alikuwa ananifia mikononi. Leo tumwambie Mama hapana?"

"Bila leseni mimi si dereva tena. Nitawalisha nini?"

"Na ukikataa tutalala wapi? Mkono usioweza kuukata, ubusu." Kisha akageukia ukutani akalia, kwa sababu na yeye alijua anaomba kitu gani.

Kesho yake bosi mwenyewe alimsindikiza mpaka ofisi ya faini, akabaki garini na simu yake. Ndani, karani, dada mmoja mwenye miwani, akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Gari ndilo hili?"

Lilikuwa lenyewe. Lakini Breki aliinama, akatazama vizuri. Gari lilikuwa linashuka daraja kuelekea uwanja wa ndege. Ukitoka kwa bosi, hospitali unaifikia kwanza. Daraja liko mbele huko, mbali. Na kwenye kioo cha nyuma kiti kilionekana kitupu. Hakikuwa na mtoto, hakikuwa na mke wake.

"Nakuja, dada," akasema, akatoka nje mpaka dirishani kwa bosi.

"Bosi, picha imepigwa ng'ambo ya daraja. Hospitali ilishapitwa. Nyuma hamna mtu."

Bosi akashusha simu. Hakukasirika, na heri angekasirika. "Alikuwa anamuwahi dada yake uwanjani. Alichelewa kwa ajili yenu."

"Lakini uliniambia..."

"Breki. Mtoto alifika hospitali, hakufika?"

"Alifika."

"Basi."

Breki akasimama juani. Ni kweli, mtoto alifika. Hasira ilimpanda mpaka macho yakalowa, na shukrani nayo ikakataa kumtoka, na kati ya hivyo viwili hakuona pa kupenya. Angekuwa anamchukia yule mama, ingekuwa rahisi. Akarudi ndani.

"Ni mimi niliyekuwa naendesha."

"Mshahara?"

Akautaja. Karani akabonyeza bonyeza, akatabasamu. "Una bahati wewe! Angekuwa mwenye hela zake, leo angelia hapa." Kisha akanyoosha mkono. "Nipe leseni. Utaifuata mwakani."

Breki akaitoa kwenye pochi, akaishika kidogo kabla ya kuiachia. Ilikuwa imechakaa pembeni. Karani akaitia kwenye droo pamoja na nyingine, akamwita anayefuata.

Nje, bosi alikuwa kiti cha nyuma, kama kawaida yake.

"Wameichukua, bosi. Siruhusiwi kuendesha tena."

"Aa, ni hapo karibu tu. Twende, nina mkutano."

Breki akatazama barabara. Akatazama ufunguo mkononi mwake. Akaingia, akafunga mkanda, akawasha gari.

"Ila endesha kwa adabu," bosi akasema, macho yakiwa yameshairudia simu. "Ukikamatwa huna leseni, mimi simo."