Chumvi Ndani ya Oili

Kosa la Ahti Heikkurinen lilikuwa kuahidi. Mervi, binti yake wa pekee, alimpigia simu kutoka mji wa Oulu baridi kali ilipoanza, akamwimbia wimbo uleule: mzee peke yake msituni, duka limefungwa, basi limeondolewa, zahanati imehamishiwa mjini, na kinachomuunganisha na binadamu wenzake ni ile Volvo nyekundu ya marehemu mama, gari ambalo lingekuwa mtu lingeshakuwa na wajukuu.

"Siku injini ikizima katikati ya theluji, baba, utagandia humo humo."

"Haizimi."

"Unajuaje?"

Hapo ndipo damu ilipompanda. "Nitaipima! Ikiwa nzima, nabaki hapa na usiniambie tena habari za kuhama. Ikiwa imekwisha, nafungasha, nakuja kukaa kwenye hilo kabati mnaloliita nyumba huko ghorofani."

"Umesema mwenyewe, baba."

"Nimesema."

Alisema kwa kuwa alikuwa na hakika. Injini ile aliijua kwa mlio, kama alivyomjua mkewe Kerttu kwa kikohozi akiwa chumba cha pili. Lakini Kerttu naye alikohoa mwaka mzima, na wakubwa wa afya wakawa wanamwambia asubiri zamu yake, na zamu ilipofika hakukuwa na wa kuitikia. Tangu hapo Ahti hakuamini tena kitu kinachoitwa mlio.

Habari za kupima oili alizipata kwa jirani yake, Urho Tolonen, aliyeendesha mashine za kukata magogo mpaka mgongo ukamgomea. Huko kwenye magogo, Urho alieleza, hawasubiri mashine ife. Wanavuta oili kidogo, wanaipeleka maabara, na maabara wanasoma humo ni chuma gani kinalika. Shaba ikizidi, ni beringi. Vumbi likizidi, ni chujio la hewa. Yote yameandikwa mle kwenye oili, ni kujua kusoma tu.

"Ajabu," alisema Ahti, na kweli alistaajabu. Miaka yote hiyo amekuwa akimwaga oili chafu bila kujua kwamba anamwaga maneno.

"Wewe mwenyewe damu yako imepimwa lini, mzee?"

"Nani anipime? Daktari wamemhamisha. Gari litanitangulia."

Akawaagiza maabara, nao wakajibu wamemtumia kichupa chao maalumu. Kichupa kikafika, lakini kikafikia kituo cha mafuta mjini, kwa sababu posta ya kijiji wakubwa waliifunga kiangazi kile, ati watu ni wachache haipati faida. Ahti alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba hataenda mjini kufuata kifurushi ambacho amekilipia kodi maisha yake yote kiletwe mlangoni. Kiapo ni kiapo. Akashuka stoo chini ya jiko, akachukua chupa moja ya kioo ya Kerttu, yenye mdomo mpana na mfuniko wa kuzungusha, akaisuuza kwa maji ya moto, akaikausha juu ya jiko la kuni.

Yeye na Urho wakaipasha injini moto kwanza, mwendo wa kwenda ziwani na kurudi, kisha ndani ya banda Urho akapitisha mpira mwembamba kwenye tundu la kijiti cha kupimia oili, akavuta kwa pampu ya mkono. Oili ikapanda polepole, nyeusi, yenye joto, ikajaa nusu chupa. Ahti akaiinua mwangani, akaitazama kama mtu anayesoma.

"Inasemaje?" Urho akauliza.

"Inasema wewe unanuka zaidi yake."

Chupa ilitumwa maabara. Majibu yalikuja kwenye simu ya Ahti, na Urho ndiye aliyesoma kwa sauti, maana macho yake yalikuwa mazuri zaidi. Chuma, cha kawaida kwa injini ya umri ule. Shaba, kidogo. Alumini, kidogo. Kisha Urho akakohoa.

"Soma."

"Sodiamu. Imepita kipimo mara nyingi. Wameandika huenda maji ya rejeta yanaingia kwenye oili, na gasketi inayoyazuia, ile ya silinda hedi, ndiyo ya kutazamwa kwanza. Wanashauri usiendeshe mbali."

Ahti alikaa juu ya tairi bovu. Aliona kabati la ghorofani, aliona dirisha lake linalotazama dirisha lingine. Aliona nyumba hii, ambayo Kerttu aliipaka rangi ya manjano kwa mkono wake, imefungwa kama posta.

"Usimwambie Mervi," alisema.

"Mimi? Mimi nitaliambia kaburi. Lakini ukiuza, hizo tairi za theluji ni zangu, jirani ni jirani."

"Toka hapa."

Mtu mwingine angekata tamaa. Ahti naye alikata, mpaka ulipofika wakati wa kahawa. Kahawa ilipokuwa inachemka, kitu kikaanza kumwasha kichwani. Kama maji yanaingia kwenye oili, basi yanatoka mahali. Akachukua utepe mweupe wa plasta, akabandika kwenye tangi la maji ya rejeta, usawa wa maji yenyewe. Kila asubuhi, akishachomoa waya wa hita ya kupasha injini kwenye nguzo ya umeme ya uani, alifunua boneti, akapiga goti kwenye theluji, akatazama. Maji yalikuwa pale pale kwenye plasta. Akafungua mfuniko wa oili, akatia kidole: hakuna ule utelezi mweupe kama malai ambao Urho alisema lazima uwepo. Akawasha, akazunguka nyuma, akanusa moshi. Moshi ulinuka moshi.

Wiki nzima hakulalamika juu ya mtu yeyote. Hakuwa na nafasi.

Urho ndiye aliyekuja na wazo la barabara. Alitokea na mkate mweusi chini ya kwapa, uso unang'aa. "Chumvi, mzee! Sodiamu ni chumvi! Wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, inarukia chini ya gari, inapanda, inaingia."

Moyo wa Ahti uliruka kwa furaha. Kumbe ni wao! Wamechukua posta, wamechukua basi, sasa wanatia chumvi injini za watu! Alikwishaanza kutunga maneno atakayowaambia wale wa barabara, maneno makali, mazuri, alipokwama.

"Barabara yetu," alisema polepole, "haijamwagiwa chumvi tangu iumbwe."

"Una uhakika?"

"Nimewapigia simu kila msimu kuwalaumu. Hawamwagi chumvi, hawamwagi mchanga, theluji wanaisukuma wakikumbuka. Nimewatukana mpaka wananijua kwa sauti."

Urho akamega mkate. "Basi umejiponza. Ungewasifu kidogo, wangemwaga chumvi, na leo ungekuwa na wa kumshitaki."

Ilibidi apige simu maabara mwenyewe. Alijiandaa kwa ugomvi, akavuta kiti, akakaa wima. Aliyepokea ni mwanamke aliyejitaja kwa jina la Riikka, na hakuwa na haraka kabisa, jambo lililomvuruga Ahti mipango.

"Maji hayapungui, mzee wangu? Umepima?"

"Kwa plasta. Kila asubuhi."

"Plasta ni kipimo kizuri. Hata mimi ile sampuli yako imenikaa kichwani. Maji ya rejeta ya rangi uliyoandika kwenye fomu huwa na potasiamu pia. Sodiamu ikipanda, potasiamu hupanda nayo. Kwako sodiamu iko juu ya paa, potasiamu haipo. Nilijiuliza, hii imetoka wapi?"

"Hata mimi najiuliza," alisema Ahti, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe imekuwa laini.

"Ulitumia kichupa chetu?"

"Kichupa chenu kimelala kituo cha mafuta, dada, kwa sababu wakubwa wa nchi hii..."

"Ulitumia nini?"

"Chupa safi. Niliiosha kwa mikono yangu."

"Kabla ya kuoshwa ilikuwa na nini?"

Ahti akainuka kitini. Akamwambia asubiri, asikate simu. Alishuka stoo, mkono ukipapasa ukutani. Kwenye rafu, pale ilipotoka ile chupa, palikuwa na duara lisilo na vumbi. Kando yake zilisimama chupa tupu nyingine tatu za aina ileile, na nyuma yake moja iliyojaa: uyoga wa rangi ya kijivu, umebanana, kipande cha kitambaa juu, na karatasi yenye mwandiko wa Kerttu uliolalia kushoto. Kila majira ya kuchuma, Kerttu alichemsha uyoga wake, akaupanga tabaka kwa tabaka, tabaka la uyoga, tabaka la chumvi ya mawe, mpaka mdomoni. Haukulika bila kulowekwa kwanza. Ile chupa iliyotiwa oili, uyoga wake Ahti aliumaliza kabla tu ya baridi, peke yake, kwa viazi na malai, akasimama wakati wa kula kwa sababu akikaa anakiona kiti cha pili.

Alichukua mojawapo ya chupa tupu, ambazo zote alizisuuza yeye kwa namna ileile, akafungua mfuniko. Ndani, chini ya mkunjo wa bati, palikuwa na kitu cheupe kama ukoko. Akakilamba.

Akasimama pale na mfuniko mdomoni muda ambao hakuupima. Ilikuwa chumvi, ndiyo. Lakini nyuma ya chumvi palikuwa na msitu uliolowa mvua, na jiko la nyumba hii, na mtu anayesema usiguse, bado haujakolea.

Alipopanda, simu ilikuwa bado hai.

"Uyoga," alisema. "Ilikuwa na uyoga wa mke wangu. Wa chumvi."

Riikka hakucheka. "Mama yangu anautengeneza," alisema. "Haya, lete oili kwenye kichupa chetu, tuone gari lina nini lenyewe."

Kwa hiyo kiapo kilivunjwa. Urho alimpeleka mjini kwa gari lake, akimsimanga njia nzima, na pale kituo cha mafuta Ahti alipokea kichupa bila kumwambia yule binti wa kaunta neno hata moja kuhusu posta, ingawa maneno yalimfika mdomoni. Wakavuta oili upya. Wakapeleka. Safari hii alisoma mwenyewe, simu ameisogeza mbali na uso kadiri mkono ulivyofika: sodiamu, kama ya gari lolote. Shaba, ya kuangaliwa, wabadilishe oili mapema kidogo. Injini inafaa kuendelea na kazi.

Akampigia Mervi. Alikuwa amekusudia kusema neno moja tu, "nzima", na kukata. Lakini ilibidi aeleze kwa nini amechelewa, na kueleza kukaleta plasta, na plasta ikaleta barabara, na barabara ikaleta stoo.

Na stoo ikaleta uyoga. Kisha Mervi akaanza kucheka, kicheko ambacho Ahti hakukisikia tangu mazishi, kinachoanzia tumboni na kuishia kwenye makamasi.

"Baba! Umepeleka uyoga wa mama maabara?"

"Wamesema umezidi sodiamu."

"Si tulimwambia! Miaka yote tulimwambia!" Akavuta pumzi, akapenga. "Uyoga umebaki?"

"Chupa moja."

"Usiifungue bado, baba. Unanisikia? Nakuja Ijumaa kwa treni. Uloweke Alhamisi." Akasita. "Nani atanipokea stesheni? Ni mbali."

"Injini imepimwa," alisema Ahti. "Majibu ninayo."

"Basi uje wewe."

Ijumaa baridi ilikuwa ya kukata masikio. Ahti alichomoa waya kwenye nguzo, akauzungusha mkononi, akafunua boneti. Maji, kwenye plasta. Akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena, akakisogeza puani. Kilinuka oili, basi. Akakaa nyuma ya usukani, akaizungusha swichi, na injini ikaguna, ikajifikiria, ikawaka.