Sauti ya Mnadi

Kompyuta ya baba ilikuwa imependeza kama bibi harusi, na hilo ndilo lililomkata maini binti yake. Mfumo mpya, picha mpya ya maua; ila programu ya kusemea haikuwepo tena.

“Ilikuwa inauliza kila siku,” mama alisema. “Nikabonyeza Kubali. Si wewe uliyetuambia tukiulizwa tukubali?”

Ni yeye, tena kwa ukali. Kazini alikuwa fundi wa kompyuta, na kutwa aliwahubiria watu: mfumo ukishaachwa na watengenezaji wake ni mlango usio na komeo, hameni mapema. Kwa baba tu alipiga kalenda. Programu ile ilielewana na mfumo wa zamani peke yake, na ndani yake ilikaa sauti ya baba, iliyorekodiwa kabla ya upasuaji wa koo uliomnyamazisha. Mzee alikuwa mnadi. Aliweza kuuza kiti cha miguu mitatu na mnunuzi akashukuru. Tangu upasuaji aliandika, kompyuta ikasema kwa sauti yake mwenyewe, matani na yote.

Binti akaurudisha mfumo wa zamani. Ukarudi. Akaiweka programu upya. Ikafunguka, ikaomba idhini ya kampuni iliyoitengeneza, na kampuni ilikwisha kufunga virago siku nyingi. Akajaribu njia zote za panya alizozijua. Ombi likabaki linazunguka tu kwenye skrini. Hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumpigia simu, na utaalamu wake wote haukumfaa kitu. Alitamani kulia.

Baba akavuta karatasi, akaandika: Basi, mwanangu. Mama yako usimlaumu.

Mama alikuwa ameshakimbilia jikoni kupika chai, maana hakuweza kutazama.

“Ipo sauti ya kawaida, baba,” binti alisema. “Hii inayomsomea kila mtu. Tuijaribu?”

Baba akaandika taratibu. Sauti ya kijana fulani, nyororo, isiyo na kwao, ikasema: “Chai hiyo, au mpaka ilimwe kwanza?”

Jikoni sufuria ikawekwa chini. Kisha mama akatokea mlangoni akijitanda mtandio upesi, macho yakizunguka sebuleni.

“Samahani, mwanangu,” alisema kwa adabu. “Sikujua tuna mgeni.”

Baba akainua mkono, kumwonyesha kuwa ni yeye.