Mheshimiwa Aliyelala Msituni

Kidawa wa Makunduchi hakuwahi kusimama mbele ya wakubwa mpaka siku alipoitwa mjini, kwenye kamati ya wawakilishi. Ulikuwapo mswada wa kuutoa msitu wa Pangajuu, mali ya umma tangu enzi za mababu, ukodishwe kwa mwekezaji. Wanakijiji walimtuma yeye, kwani miaka thelathini alikuwa akiingia humo kukata ukindu wa kusukia mikeka.

Ukumbini palikuwa na baridi, na maneno yalimfikia kana kwamba yanatoka chini ya maji. Zamu yake ilipofika, karatasi aliyoandikiwa na mwalimu wa kijijini aliikunja.

"Waheshimiwa, msitu huu ukishakatwa hatupati mwengine. Visima vyetu vinautegemea. Na humo yumo paa nunga, yule paa mdogo aliyekaribia kutoweka duniani."

"Umemwona mwenyewe, Bi Kidawa?" aliuliza mwenyekiti.

"Mara moja. Nlikuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza."

Wakacheka. Hakuudhika.

"Basi njooni. Msiukatie shauri msitu msioijua hata harufu yake."

Wiki mbili zikapita, akaja mmoja tu: Mheshimiwa Shadya, mdogo kuliko wote katika kamati.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Umevaa raba, vyema. Mawe ya huku yana meno."

Waliingia alfajiri, umande ukidondoka. Wakaketi penye uwazi mdogo, kimya. Juu yao kima walikuwa wakila, wakiangusha majani machanga na maua. Mwanga ulishuka kijani, ukatulia mabegani mwao. Shadya alikuwa hajapumzika siku nyingi. Kichwa kikamlemea, akalala.

Ndipo kichaka kilipofunguka. Paa nunga akatoka, mwekundu, mdogo, miguu ina madoa meupe kama aliyekanyaga chokaa. Akaokota ua lililoanguka karibu na mkono wa Shadya, akatafuna taratibu huku akimtazama. Kidawa alizuia pumzi. Alihisi kama ni yeye anayeotwa na yule mnyama. Kisha majani yakajifunga, pakawa patupu.

Shadya akaamka. "Nimepitiwa! Kaja?"

"Kaja. Kakutazama, kenda zake."

"Mbona hukuniamsha?"

"Ningekuamsha, angekimbia."

Shadya aliutazama uso wa mama yule kwa muda mrefu, kisha akaitazama ardhi: vijitundu vya kwato, vibichi, shubiri moja kutoka mkono wake. Akaviwekea kiganja.

Katika Baraza la Wawakilishi Shadya alisimama akawaambia wenzake kuwa usingizi ulimchukua, mnyama akampita, na kwamba haoni aibu. Hoja yake ya kuulinda msitu ilipita, lakini si nzima. Msitu wa ndani ukalindwa kwa sheria. Ukanda wa pwani ukaenda kwa mwekezaji.

Alipompigia Kidawa simu, sauti yake ilikuwa nzito. "Nisamehe, Bi Kidawa. Nimepata hicho tu."

Kidawa aliulilia ule ukanda siku nzima, maana ndiko alikokata ukindu wake wa mwanzo. Kesho yake akawakusanya wanawake wenzake, wakabeba ndoo za chokaa, wakaenda kupaka mawe ya mpaka wa msitu uliolindwa, asije mtu akausogeza.